Nishani ya babu haimo kwenye cheti: jinsi ya kudai na kusahihisha rekodi za askari wa keya

Mkebe ulikuwa wa majani ya chai, kutu imeshaula pembeni. Nilikuwa nimepanda Nyeri kwa mazishi, na jioni yake mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Mukurwe-ini akanikaribisha kwake. Tulipomaliza chai akauvuta mkebe ule kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na nyota moja ya madini ya rangi ya shaba, yenye ncha sita, utepe wake umeshaoza, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ni ya baba," akaniambia. "Mama alikuwa akisema zilistahili kuwa zaidi ya moja. Ndugu yangu, nyinyi wa Mombasa ndio mliowaona wakipanda meli. Hebu niangalilie."

Maandishi ya nyota yalisomeka: ilikuwa Nyota ya Burma. Ile karatasi ilikuwa cheti cha kuachishwa jeshi, cha mwaka 1946. Jina lilikuwapo, nambari ilikuwapo, kikosi kilikuwapo. Mstari wa nishani ulikuwa mtupu.

Tangu siku ile nimeulizwa swali hilohilo na watu wawili wa hapa kwetu, mmoja wa Kisauni na mwengine wa Malindi. Babu alipigana vita vya Hitler, karatasi haisemi, tufanyeje? Nimeona ni bora niyaandike ninayoyajua mahali pamoja, ili kila mwenye mkebe wake nyumbani ajue pa kuanzia. Nimeuchukua mfano wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya kwa sababu huko ndiko nishani hizi zilikopata masaibu makubwa kuliko kwengine.

Mstari ulibaki mtupu kwa nini

Watu wengi hudhani mstari mtupu maana yake ni kwamba mzee hakustahili kitu. Sivyo. Sababu ya kwanza ni ya kalenda tu.

Askari wa Afrika Mashariki waliachishwa jeshi kwa wingi mwaka 1945 na 1946. Wakati huo nishani zenyewe hazikuwa tayari. Nishani ya Vita na Nishani ya Ulinzi ziliundwa Agosti 1945, masharti ya nani apate nini yakachapishwa mwaka 1946, na ugawaji haukuanza mpaka miaka kadhaa baada ya vita. Karani aliyejaza cheti mwaka 1946 hakuwa na la kuandika. Askari akapewa karatasi yake, akapanda gari la moshi, akarudi Karatina, Othaya au Meru. Nishani ilipokuja kutoka kiwandani, mwenyewe yuko shambani, na ofisi iliyomjua kwa nambari imeshafungwa.

Sababu ya pili ni majina. Jeshi liliandika jina la askari na la babake, basi. Huko mlimani watoto hupewa majina ya babu na bibi zao, kwa hiyo majina ni yaleyale yanayozunguka: Mwangi, Maina, Kamau, Kariuki. Katika tarafa moja unaweza kupata Mwangi wa Maina kumi na wote walikwenda vitani. Wengine waliandikishwa kwa jina la ubatizo, wakaja kuzikwa kwa jina la nyumbani. Sisi wa Pwani hatuna la kuwacheka. Juma bin Hamisi ni wangapi kati ya Vanga na Lamu?

Sababu ya tatu ni kwamba nishani za Uingereza za Vita vya Pili hazikuchongwa jina la mpewa. Zile za Vita vya Kwanza zilikuwa na jina na nambari ukingoni. Hizi za Hitler zilitoka tupu. Ile nyota ya mkebeni haisemi ilikuwa ya nani. Ingeokotwa sokoni Gikomba ingekuwa vilevile. Kwa hiyo chuma si ushahidi, ushahidi ni karatasi. Ukiwa na nishani bila rekodi, una pambo. Ukiwa na rekodi bila nishani, una deni unaloweza kulidai.

Mlimani, nishani iligeuka hatari

Hapa ndipo Nyeri inapotofautiana na Pwani.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa miaka iliyofuata, mtu wa Nyeri aliyekuwa na nishani ya Mfalme alikuwa kati ya mioto miwili. Wapiganaji wa msituni wangemwona ni mtu wa Mfalme. Askari wa serikali nao walimjua kuwa ni mtu aliyefunzwa bunduki, na walikuwa na sababu ya kumwogopa. Mfano walikuwa nao: Waruhiu Itote, aliyezaliwa upande huohuo wa Mukurwe-ini, alijiunga na keya mwaka 1942, akapigana Burma akiwa koplo, kisha akaingia msitu wa Mlima Kenya na kuwa Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954. Mafunzo aliyopewa na Mwingereza ndiyo aliyomrudishia.

Basi watu wakazitupa. Wengine walizifukia, wengine wakazitia mtoni au chooni. Na ambao hawakuzitupa, nyumba zao zilivunjwa au kuchomwa mwaka 1954 na 1955, serikali ilipowahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru na kuwasonga katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Cheti cha karatasi kilichofichwa ndani ya paa la nyasi hakiwezi kunusurika na moto. Mkebe wa mwalimu ulinusurika, aliniambia, kwa kuwa nyanya yake aliuzika chini ya jiko.

Jambo hili lilikuja kusemwa hadharani miaka mingi baadaye. Tarehe 1 Novemba 2023, Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya, alifika makaburi ya vita ya Kariokor jijini Nairobi na kuwakabidhi wazee wanne wa keya nishani za badala. Mmoja wao alikuwa Koplo Samwel Nthigai Mburia, ambaye alielezwa kuwa na umri wa miaka 117. Habari za siku ile zilieleza kwamba baadhi ya wazee walikuwa wamezitupa au kuziharibu nishani zao za mwanzo kwa kuhofia kulipiziwa kisasi. Hata jina la mahali penyewe lina historia yake: Kariokor ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam.

Muhimu kwa msomaji ni hili: wazee wale wanne walikuwa hai. Tutaona chini kwa nini hilo lina uzito.

Kiganjo, na askari wasiotajwa

Kilomita chache kutoka Nyeri mjini kuna Kiganjo, wengi tunaijua kwa chuo cha polisi. Hapo alizaliwa Nigel Gray Leakey, mtoto wa mlowezi, sajenti wa kikosi cha kwanza cha 6 KAR. Tarehe 19 Mei 1941, pale Colito huko Uhabeshi, vifaru vya Waitaliano vilikuwa vikiwafagia wenzake waliokuwa wamevuka mto. Leakey aliruka juu ya kifaru kimoja, akakifungua mfuniko, akawapiga waliokuwemo. Kisha akaviendea vyengine, na hapo akauawa. Mwili wake haukupatikana.

Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa za Uingereza. Lakini tangazo lake lilitoka katika gazeti rasmi la serikali, London Gazette, tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kifo chake. Na huyo alikuwa Mzungu, wa ukoo unaojulikana, aliyefanya jambo lile mbele ya macho ya watu.

Tangazo lenyewe lina jambo ambalo nimelisoma mara nyingi. Linasema Leakey hakuviwinda vile vifaru peke yake. Alikwenda na sajenti-meja wa kombania na askari wengine wawili wa Kiafrika, wakipita uwanda mtupu chini ya risasi za bombomu na mizinga. Leakey ana jina. Wale waliofuatana naye wametajwa kwa vyeo na rangi.

Simwondolei Leakey hata chembe ya ushujaa wake. Ninalosema ni kwamba rekodi ya kijeshi huandikwa na mwenye kalamu, na mwenye kalamu huandika anaowajua kwa majina. Kusahihisha rekodi ndiko kuwapa majina wale "askari wengine wawili". Kama yupo mjukuu wa mmoja wao, awe yuko Nyeri, Kitui au Kwale, mahali pa kuanzia ni shajara ya kikosi kile ya Mei 1941, ambayo nitaeleza inapatikana wapi.

Nani alistahili nini

Orodha hii si kamili, lakini inawafaa askari wengi wa Afrika Mashariki wa Vita vya Pili.

Nishani ya Vita 1939–1945. Hii ni ya kila aliyetumikia jeshi kwa muda wote wa kazi siku 28 au zaidi, kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 2 Septemba 1945. Haikuhitaji kwenda mbele ya mapigano. Mpishi wa kambi ya Nanyuki aliistahili, na mlinzi wa wafungwa wa Kiitaliano pia.

Nyota ya 1939–1945. Ya waliotumikia sehemu za mapigano, kwa kawaida si chini ya miezi sita kwa askari wa nchi kavu.

Nyota ya Afrika. Watu wengi hudhani ni ya Misri na Libya tu. La. Inawahusu pia waliopigana Uhabeshi, Eritrea na nchi za Wasomali kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941, siku Gondar ilipoanguka. Vikosi vya keya vilivyotoka Kenya vikaingia Mogadishu Februari 1941 na Addis Ababa Aprili mwaka huohuo vimo humu.

Nyota ya Burma. Ya waliotumikia Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, mnyama si gari, ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya 1944 na kuiteka Kalewa mwanzoni mwa Desemba.

Nishani ya Ulinzi. Kwa askari wetu, aghalabu ni ya waliokaa nje ya nchi yao kwa karibu mwaka mzima katika sehemu isiyo ya mapigano, kwa mfano Ceylon.

Nishani za ushujaa. Hizi ni mlango mwengine kabisa, kwani mtu alipendekezwa na mkubwa wake. Mpaka mwaka 1942 askari Waafrika wa keya walikuwa na nishani yao ya mwenendo bora vitani, mbali na ile ya Waingereza. Baadaye wakaanza kupewa zilezile za wenzao. Majina yalitangazwa katika London Gazette.

Sasa tazama mkebe wa mwalimu. Nyota ya Burma peke yake. Haiwezekani mtu apate nyota ile na asiwe ametimiza siku 28 za Nishani ya Vita. Kwa hiyo mamake alikuwa na haki: ziko mbili kwa uchache, na pengine zaidi. Hesabu hii rahisi unaweza kuifanya hata wewe kwa karatasi ulizonazo.

Na jambo moja zaidi kuhusu watu wa mlimani. Waingereza walikuwa na fikra zao za makabila ya kivita, na Mkikuyu hawakumhesabu humo. Wengi wa Nyeri na Murang'a waliwekwa katika vikosi vya kazi, udereva, ishara na udaktari. Wajukuu husikia "babu alikuwa akichimba barabara" wakaona haya kudai. Lakini vikosi vile vilikuwa vya jeshi, vyenye sare, nambari na sheria za jeshi. Aliyechimba barabara ya Burma chini ya mvua na malaria anahesabiwa.

Rekodi ziko wapi

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza, nyumbani. Cheti cha kuachishwa jeshi kinashinda kila kitu. Tafuta pia picha yenye sare, barua, kitabu cha posta cha akiba, kipande cha zamani. Unachowinda hasa ni nambari ya askari. Jina linaweza kuwa la watu kumi, nambari ni ya mtu mmoja.

Pili, jeshi la Kenya. Ilipofika uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR viligeuka kuwa Kenya Rifles. Mafaili ya askari Waafrika hayakupelekwa London pamoja na ya maofisa wa Kizungu. Kwa kawaida yalibaki kwa serikali za nchi mpya. Ndiyo maana anayeandika Uingereza moja kwa moja mara nyingi hujibiwa kwamba faili haiko. Barua ya kwanza iende makao makuu ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, Nairobi. Chama cha askari wastaafu, DEFOCA, ambacho zamani kikiitwa KAFOCA, ni mahali pazuri pa kuuliza njia.

Tatu, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Mafaili ya wakuu wa wilaya yana habari za kuandikisha askari, malipo kwa jamaa zao na askari waliorudi.

Nne, Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London. Huko hutapata faili la babu yako. Utapata shajara za vikosi: za Uhabeshi katika mfululizo wa WO 169, za Burma katika WO 172, na mapendekezo ya nishani za ushujaa katika WO 373. Shajara huonyesha kikosi kilikuwa wapi siku gani. Ukijua kikosi na tarehe za cheti, unathibitisha kwamba babu alikuwa Burma hata kama cheti hakisemi.

Tano, kwa waliofia vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina mtandaoni bila malipo. Humo mna makaburi ya vita ya Nyeri na ya Nanyuki, na yetu ya Mbaraki, Mombasa. Tume hiyo yenyewe ilikiri mwezi Aprili 2021 kwamba wafu wa Kiafrika na Kihindi wa Vita vya Kwanza hawakukumbukwa sawa na Wazungu, na kwamba watu wasiopungua 116,000 hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukikuta jina limekosewa, waandikie. Hurekebisha wakiona ushahidi.

Hatua za kudai

Ukishapata nambari, kikosi na tarehe, fuata hivi.

Moja: tenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nishani ambayo haikutolewa kamwe na nishani iliyotolewa ikapotea. Ile ambayo haikutolewa bado inaweza kudaiwa na warithi, hata mzee akiwa ameshafariki. Iliyopotea ina masharti makali: kwa kawaida hubadilishwa kwa mwenyewe aliye hai, na kwa ushahidi wa wizi au janga. Ndiyo maana nilisema wale wazee wa Kariokor walikuwa hai. Familia ya marehemu aliyeitupa nishani yake mtoni mwaka 1954 ina njia nyembamba sana. Lakini usidanganye. Eleza ukweli kama ulivyo, kwani yawezekana aliyotupa ilikuwa moja na nyengine hazijawahi kutoka.

Mbili: thibitisha urithi. Utahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu, na hati ya kiapo ya kueleza uhusiano wenu. Kwa Waislamu, hati ya warithi kutoka mahakama ya Kadhi inafaa. Kwa kawaida anayetangulia ni mjane, kisha watoto, kisha wajukuu. Kubalianeni kwanza nyumbani ni nani atakayeandika. Madai mawili ya familia moja huzuiana.

Tatu: tengeneza hati ya kiapo ya majina. Kama babu aliandikishwa "Mwangi mwana wa Kamau" na kitambulisho chake cha baadaye kinasema jina jingine, mzee mwenzake au ndugu wa karibu aape kwamba ni mtu mmoja. Karatasi hii ndiyo inayokwamisha madai mengi ikikosekana.

Nne: andika kwa ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ukiambatisha nakala za kila kitu na barua ya jeshi la Kenya kama umeipata. Usitume cheti halisi, tuma nakala iliyothibitishwa na wakili. Taja kila nishani unayoidai na sababu yake: kikosi, mahali, tarehe. Usiandike "naomba nishani za babu" ukanyamaza. Nishani ambayo haikuwahi kutolewa haina ada.

Tano: ukijibiwa kwamba hakuna rekodi, usikate tamaa. Uliza ni kitu gani kilichokosekana. Mara nyingi ni nambari. Rudi kwenye shajara, rudi kwa wazee.

Yale ambayo nishani haileti

Nataka niseme wazi, kwa sababu nimesikia mengi, mlimani na hapa Pwani. Nishani haileti fedha. Haileti shamba wala pasi ya kusafiria ya Uingereza. Anayekwambia umpe shilingi elfu tano akuandikishe kwenye "pesa za Burma" anakula pesa yako. Mambo ya fidia ya Mau Mau, ambayo serikali ya Uingereza iliafikiana mwaka 2013 na wadai 5,228, ni jambo jengine kabisa na halihusiani na nishani za Vita vya Pili.

Dhuluma ya fedha ilikuwapo, na ni ya kweli. Mwaka 2019 wanahabari walichapisha nyaraka zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi pamoja na cheo, Mzungu akipata mpaka mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Kuna watu wanaosema, basi nishani ya nini, watulipe kwanza. Nawaelewa. Lakini kudai kimoja hakuzuii kingine. Na mtu ambaye hayumo katika daftari hawezi kudai chochote, si nishani wala mshahara. Rekodi ndiyo ya kwanza.

Na sisi wa Pwani

Mwalimu alisema kweli, sisi ndio tuliowaona wakipanda meli. Kilindini ndiyo iliyokuwa mlango. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga hapa ikielekea Ceylon. Tarehe 12 mwezi huo manowari ya Kijapani ikaizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, pamoja na la Leakey wa Kiganjo. Mjukuu wa Pwani ambaye babu yake "aliondoka na meli asirudi" aanze na orodha ile.

Halafu tuna lile sanamu la Askari pale Jomo Kenyatta Avenue, lililowekwa kwa ajili ya waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza. Maandishi yake, ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanaahidi kwamba majina ya waliokufa watayakumbuka watoto wao. Matatu hupita hapo kutwa. Hakuna hata jina moja lililoandikwa.

Wazee wenyewe karibu wamekwisha. Watoto wao, kama mwalimu, wako kwenye miaka ya sabini na themanini, na wao ndio wa mwisho wanaojua kwamba Mwangi wa kwenye cheti na Mwangi wa kaburini ni mmoja. Wakiondoka, hakuna hati ya kiapo itakayowezekana. Kwa hiyo kama una mkebe, ufungue mwezi huu. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma. Mkalishe bibi au mzee aliyebaki, umuulize majina yote ambayo babu aliwahi kuitwa, na uandike.

Mwalimu ameshaapa mbele ya hakimu pale Nyeri, na barua mbili zimeondoka, moja Nairobi na moja Uingereza. Amedai Nishani ya Vita na Nyota ya 1939–1945. Ile Nyota ya Burma ameirudisha mkebeni, na safari hii amefunga na kikaratasi chenye jina la babake, nambari yake na kikosi chake.